Faili Tupu za Mwalimu Byamungu

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, nimestaafu, na hapana, sitawatengenezea hiyo laptop. Ileteni niione tu. Lakini mkiileta, mkae hapo hapo mbele yangu, msiniachie na kwenda zenu madukani, maana sababu ya kuwaambia mkae ndiyo hasa ninayotaka kuwasimulia.

Nawaandikia ninyi vijana wetu wa Birmingham, mnaosalimiwa kwa Kiswahili mkajibu kwa Kiingereza. Watatu kati yenu mmeniambia mnataka kazi ya kompyuta, na mmoja, simtaji, akaniuliza kama enzi zetu tulikuwa na ufundi kweli au tulikuwa tukipangusa vumbi tu. Tulipangusa vumbi, mwanangu. Nusu ya ufundi ni vumbi, na nusu iliyobaki ni kumsikiliza mwenye kompyuta, ambayo ni kazi ngumu zaidi kwa sababu vumbi halina maneno mengi.

Nianze na vitambaa. Mnavijua vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zenu huvitandika kwenye makochi, juu ya redio na juu ya televisheni, kana kwamba vyombo navyo vinaona baridi? Kulikuwa na nesi mmoja Mkenya, anaishi huku Great Barr nilipo mimi sasa, aliyeniletea kompyuta iliyokuwa ikimwendesha mbio mwezi mzima. Ikishawaka robo saa, picha zinaanza kutetemeka, dirisha ulilolifunga linabaki kama kivuli, kishale kinaacha mkia. Dukani nikaiwasha kutwa nzima, haina neno. Akaichukua. Kesho yake akapiga simu, imeanza tena. Nikairudisha, nikaiwasha, nzima kabisa. Mara ya tatu nikaona niende kwake mwenyewe, na nilipofika sebuleni sikuhitaji kufungua hata skrubu moja. Kompyuta ilikuwa imevikwa kitambaa cheupe chenye maua ya waridi, kimefumwa na mama yake kule Murang'a kwa vipimo vya kompyuta hiyo hiyo, kimefunika matundu yote ya kupumulia. Akija dukani anakivua, akirudi anakivisha. Kompyuta ilikuwa inakosa hewa kwa heshima zote.

Sikumwambia akitupe. Fundi anayemwambia mtu atupe kitu alichofumiwa na mama yake hatapata mteja wa pili. Nilikihamishia chini ya kibodi, kikapendeza, na kompyuta ikapona.

Duka letu lilikuwa Lozells, kati ya muuza mboga na kinyozi, na mlango wake mwembamba ulimlazimu mtu mwenye kompyuta kubwa kuingia kiubavu. Mwenye duka alikuwa Bwana Desmond, mzaliwa wa Jamaika, aliyetengeneza televisheni hadi watu walipoacha kuzitengeneza wakawa wanazitupa, ndipo akahamia kompyuta akiwa amepita miaka hamsini. Mimi wakati huo nilikuwa nafagia maofisi mjini. Nilimpelekea redio yangu, nikamwonyesha mahali waya ulipokatika, nimeshapatia alama kwa uzi mwekundu. Aliitazama ile alama, akanitazama mimi, akaniuliza nalipwa nini huko kwenye ufagio. Nikaingia kazini wiki iliyofuata na sikutoka mpaka magoti yalipokataa kuinama chini ya meza.

Bwana Desmond alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko mke wake, na mke wake ndiye aliyekuwa akisema hivyo. Mteja akileta kitu, mwache akitumie kwanza yeye mwenyewe mbele yako, kama anavyokitumia nyumbani, na wewe mikono yako iwe nyuma. Nyuma kweli kweli, imeshikana, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Nilimcheka. Halafu akaja mzee mmoja ambaye kompyuta yake ilikuwa ikifungua madirisha yenyewe, moja juu ya lingine, hadi uso mzima unajaa. Niliisaka hitilafu hiyo siku mbili, nikaisafisha, nikaapa imepona. Ndipo Bwana Desmond akamkalisha mzee, akamwomba aandike barua. Mzee akatoa Biblia mkobani, akaiegemeza vizuri kwenye ukingo wa kibodi ili asome mstari wake, na pembe ya jalada ikakaa juu ya kitufe. Madirisha yakaanza kumiminika. Sijawahi kuona aibu na kicheko vikiniingia kwa pamoja kama siku ile.

Sasa kuhusu kompyuta nzee. Siku hizi nawasikia mkisema mfumo ukishaachwa na watengenezaji wake, yaani wameacha kuupelekea marekebisho na kinga, basi kompyuta hiyo imekufa, izikwe. Nyie mna haraka ya kuzika. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu anaweza kuwa na programu moja aliyoizoea miaka ishirini, isiyokubali kuhamia kwenye mfumo mpya kwa lolote, na maisha yake yote yamo humo. Kazi yako si kumhubiria. Ondoa waya wa intaneti, maana mfumo usio na kinga haupelekwi sokoni. Nakili kila kilichomo kabla hujagusa chochote. Kisha mfungulie akaunti mpya, uingie kama mtu mwingine: hitilafu ikionekana na humo, mashine yenyewe ni mgonjwa, isipoonekana, ugonjwa uko kwenye mipangilio ya mwenyewe, na hapo umeshajiokolea siku nzima. Ukishuku faili fulani ya mipangilio, usiifute, ibadilishe jina tu. Mfumo utatengeneza nyingine, na ukiwa umekosea unarudisha jina la zamani na hakuna aliyejua. Na betri ya saa, ile ndogo mviringo kama kifungo cha koti, ibadilishe kwanza, kwa sababu ikifa kompyuta inaamini iko mwaka ule ilipozaliwa na inaanza kubishana na kila kitu.

Haya yote niliyajua. Niliyajua kwa miaka mingi nilipofanya kosa ninalotaka kuwaambia, kwa hiyo msije mkanituliza kwamba nilikuwa mgeni wa kazi.

Bwana Desmond alikuwa ameshafariki na duka nimeachiwa mimi. Siku ya Jumatatu akaja Riziki, binti wa Kikongo anayefanya kazi ya kuwatunza wazee, na nyuma yake baba yake, Mwalimu Byamungu wa Kingstanding, mwalimu wa kwaya. Mzee mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, macho yameanza kupata ukungu. Riziki amebeba kompyuta kifuani, ya zamani, nzito, rangi yake imegeuka kuwa ya meno ya mvuta sigara.

"Mama Zawadi, shikamoo. Hii kitu mimi nilishasema tutupe, honestly, nimnunulie laptop. Papa anakataa."

"Marahaba. Mzee anajua anachokataa," nikasema, na Mwalimu akatabasamu kidogo.

Walinieleza. Kule kwao, karibu na Uvira, Mwalimu alikuwa na kwaya kubwa. Vita vikaja, kanisa likachomwa na vitabu vyote vya nyimbo ndani yake, watu wakatawanyika. Alipofika hapa na kupewa kompyuta hiyo na mtu wa kanisani, akaanza kuziandika nyimbo kutoka kichwani, moja moja, kwa zile noti za do-re-mi, kila sauti na mstari wake. Aliziandika kwa programu ambayo leo haifunguki kokote ila kwenye mfumo ule ule ulioachwa. Na Jumapili ile iliyokuwa ikija, waliobaki wa kwaya yake, walioangukia Leeds, Coventry na miji mingine, walikuwa wakusanyike kwenye ukumbi wa kanisa letu Lozells kuimba pamoja kwa mara ya kwanza tangu wakimbie. Alitaka nyimbo zichapishwe. Lakini kompyuta ilikuwa imeharibika uso: ikiwaka, picha ndogo zote za faili zinageuka karatasi nyeupe, maandishi chini yake yanafutika, utepe wa chini unapotea na kurudi, halafu kila kitu kinaganda.

"Mama, tengeneza," akasema Mwalimu. "Lakini usitoe kitu. Ata kamoya."

"Sawa, Mwalimu."

Kila mteja husema usitoe kitu, na kila fundi husema sawa. Nilikuwa na foleni, nilikuwa na simu sikioni, na mzee alionekana amechoka. Sikumkalisha. Sikumwambia aniwashie, anionyeshe anavyoitumia. Niliwapa risiti yao wakaenda kukamata basi.

Nikaanza kazi, na naomba mkubali kwamba niliifanya vizuri. Nilinakili. Nikafungua akaunti mpya, humo uso ukang'aa bila doa, nikajua tatizo liko kwenye akaunti yake. Nikabadilisha majina ya faili za mipangilio, haikusaidia. Ndipo nikatazama ule uso wenyewe, ile desktop, nikacheka peke yangu. Mzee alikuwa hajatumia folda hata moja maishani mwake. Kila wimbo, kila rasimu ya wimbo, kila nakala ya rasimu, vyote alikuwa amevianika pale juu, mia kadhaa, vingine vimelaliana kama mitumba sokoni. Kompyuta nzee kama ile, kila ikiwaka ilipaswa kuzichora zote upya, na pale inapohifadhi michoro yake pamejaa na kuharibika. Basi ugonjwa nimeupata.

Nikatengeneza folda, nzuri, kwa alfabeti. Nikazipanga nyimbo zote. Kati yake nikakuta faili kumi na tisa tupu. Tupu kabisa, ukubwa sifuri, ndani hamna hata nukta. Mtu akibofya vibaya kompyuta nzee hutengeneza faili za namna hiyo bila kujua, nimezifagia maelfu. Nikazifuta bila kusoma hata majina yake, nikamwaga pipa la taka, nikaifagia diski na kuipanga upya ili iende kasi. Ikawaka kama mpya. Utepe umetulia, uso mweupe msafi, folda moja katikati. Nilijipigia makofi, kweli kabisa, peke yangu dukani.

Alhamisi wakaja kuichukua. Sasa nikamkalisha Mwalimu kwenye kiti, kwa mbwembwe, nikawasha. Akasogeza uso karibu na kioo. Akakaa hivyo. Nikadhani anaisifu.

"Batu bangu bako wapi?" akauliza.

Nikamwambia vitu vyake vyote vimo, nikafungua folda, nikamwonyesha nyimbo zimepangwa A mpaka Z.

"Hizi ni nyimbo. Nyimbo naweza kuandika tena. Miye nauliza batu."

Sikuelewa ni watu gani. Riziki naye hakuelewa, alinitazama mimi na mimi nikamtazama yeye. Mwalimu hakupandisha sauti. Aliinuka, akavaa kofia, akasema, "Donc, bameenda," yaani basi, wameshakwenda, akatoka mlangoni kiubavu kama aliyebeba kitu, na hakuwa amebeba chochote. Riziki akamkimbilia. Kompyuta ikabaki kwangu.

Saa mbili usiku Riziki akapiga simu. "Mama Zawadi, Papa anasema haendi Sunday. Anasema, nitaongoza nani? Hajakula. Watu wameshalipa ma-coach, I don't know what to do." Kisha akanieleza alichofanikiwa kumtoa kinywani. Zile faili tupu zilikuwa na majina ya waimbaji waliokufa, au waliopotea akaambiwa wamekufa. Riziki mwenyewe ndiye aliyemfundisha baba yake zamani namna ya kutengeneza faili mpya na kuipa jina, bila kujua ni ya kazi gani. Kila mmoja alikuwa amemweka pale aliposimama kwenye kwaya: soprano kushoto, alto, tenor, besi kulia, kama walivyomtazama. Nyimbo zilikuwa zimewazunguka. Kila asubuhi anawasha kompyuta, anasimama mbele yake, na Riziki miaka yote alidhani baba yake anasubiri iwake.

Nilikaa kitandani nikalia kama mtoto. Halafu nikafanya wanachofanya mafundi wote, nikarudi dukani asubuhi mapema kutafuta njia ya mkato. Nakala yangu: ile programu ya kunakili niliyoiamini ilikuwa na tabia ya kuruka faili tupu, haioni sababu ya kuzibeba. Programu za kufufua faili: zinafufua kilichokuwa ndani, na kama ndani hamna kitu kinabaki jina tu kwenye orodha ya diski, na ile orodha niliiandika upya mimi mwenyewe kwa kuipanga. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilijaribu hata hivyo mpaka saa nne.

Kwetu Wundanyi, huko Taita, huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Nilinunua sukari na majani ya chai na paketi ya unga, nikaweka kompyuta kwenye gari nikaenda Kingstanding. Mwalimu akafungua mlango mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nikasema tu, "Mwalimu, nimekukosea. Uliniambia nisitoe kitu, nikatoa. Sikukuuliza." Akapokea sukari. Akaniambia niketi, akaniletea maji. Mkongo hawezi kukukasirikia ukiwa umesimama.

"Kwa nini ndani hukuandika kitu?" nikamuuliza, kwa sababu lilikuwa linanikereketa.

"Ndani ningeandika nini, Mama? Jina inatosha."

Nikaiunganisha kompyuta mezani, nikamwomba anitajie. Akaanza vizuri. Nabintu, Sifa, Furaha mke wa shemasi, Feza. Akafika wa saba akasimama. Akarudi mwanzo, akataja wale wale, akasimama pale pale. Akajipiga paji la uso. Nikamwambia apumzike, akasema akipumzika watazidi kuondoka. Pale nikaona naharibu mara ya pili, kwa sababu nilikuwa nimemkalisha mbele ya kompyuta na kumtaka orodha, na yeye hakuwahi kuwajua kwa orodha. Nikaweka mikono nyuma.

"Mwalimu, simama kama unavyosimama asubuhi. Nionyeshe."

Akasita kwa haya. Kisha akasimama mbele ya meza ya chakula ya nyumba yao ya kupanga ya kaunsili, akainua mikono, akaanza kuimba wimbo wa kwanza kwa sauti nyembamba. Soprano wakaingia, na mkono wake wa kushoto ukawaelekea. "Hapa anaingia Nabintu. Alikuwaka anaingia mbele ya wengine, kila mara, ule mama hana subira!" Akacheka kwa mara ya kwanza. Nikaandika, nikaweka jina pale mkono ulipoonyesha. "Zaidi huku. Alisimama karibu na dirisha." Nikasogeza. Alto wakaingia, akanionyesha kila mmoja na ila yake: huyu anavuta noti, huyu anafumba macho hata hamwoni mwalimu, Feza ana sauti nzito mpaka walitaka kumhamishia kwa wanaume. Riziki alirudi kutoka kazini akakuta baba yake anatoka jasho, akavua koti, akakaa sakafuni na yeye akaanza kuwajua watu ambao alikuwa amewapita kila asubuhi akienda shule.

Ijumaa na Jumamosi tulifika kumi na sita. Watatu walibaki, wote besi. Tuliimba nyimbo zote na hawakuja, kwa sababu besi huingia kwa pamoja na huwezi kuwatenganisha, kama ng'ombe wanaotoka zizini. Nilijua ni watatu kwa kuwa kompyuta iliniambia nimefuta vitu kumi na tisa, na namba hiyo sitaisahau.

"Nenda nao hivyo hivyo, Mwalimu," nikamsihi. "Wenzako wa Leeds watawakumbuka."

"Bon," akasema. "Lakini iende na machine."

Ndiyo maana Jumapili, baada ya ibada, kompyuta yenye rangi ya meno ilikaa mbele ya ukumbi wetu, imeunganishwa kwenye projekta tunayotumia kuonyesha maneno ya nyimbo, na majina kumi na sita yakawa yametandazwa ukutani makubwa kama milango. Watu walikuja zaidi ya tuliowatarajia. Mmoja alikuwa amemwambia mwingine, mwingine akaja na mgeni wake, ndivyo mambo yetu yalivyo. Walipoyaona yale majina, waliokuwa wakisalimiana kwa makelele waliacha salamu wakaanza kuyasoma.

Mwalimu akawaeleza kwamba besi watatu hawapo. Hakusema ni nani aliyewatoa. Mzee mmoja kutoka Leeds akajibu hapo hapo, bila hata kufikiri, "Asukulu, na Wilondja, na ule wa kikohozi, Etando!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko kwa Etando na kikohozi chake. Nikaandika, nikawaweka kulia kabisa. Kumi na tisa.

Nawaambia hili kabla sijaendelea: msiseme kosa langu lilikuwa na heri ndani yake. Kosa lilikuwa kosa. Nilimwibia mzee watu wake kwa sababu ya uvivu wa swali moja, na akalala njaa. Yaliyofuata si mimi niliyeyapanga.

Nyuma kabisa ukumbini aliinuka mama mmoja mwenye kitenge cha buluu, anajishikilia kwenye kiti. Alikuwa amekuja na watu wa Coventry, hakuna aliyekuwa amemtambulisha bado. Akanyoosha kidole ukutani.

"Mwalimu, ile jina ya pale, kwa alto, ya mbili kutoka dirishani. Ni yangu."

Nikasoma. Feza.

Mwalimu akageuka. Kwa macho yake yale, kutoka pale mbele, alikuwa anaona rangi ya buluu tu. Akashika ukingo wa meza. "Walisema ulibakia mutoni," akasema.

"Nilivukia upande ingine. Nilikuwaka Tanzania, kambini."

"Kama ni weye, imba."

Mama akaimba. Peke yake, mstari wa alto wa ule wimbo wa kwanza, sauti nzito mpaka ungedhani ni mwanamume. Hakufika mstari wa pili. Mwalimu alikuwa ameshainua mikono, na soprano wakaingia bila kuambiwa, na tenor, na besi kwa pamoja, na mimi nisiyejua kuimba nikaimba. Riziki alikuwa amejifunika uso na mtandio.

Walipomaliza, na kukumbatiana kulipopungua, Mwalimu alikuja mezani akakaa kwenye kiti changu. Akachukua kipanya. Macho yake hayakioni kishale, kwa hiyo nikauweka mkono wangu juu ya wake.

"Mama Zawadi. Namna gani unafuta? Nionyeshe."

Tukakipeleka kishale pamoja kwa alto, hadi kwenye lile jina. Tukabofya. Kukatokea kisanduku kidogo cha Kiingereza katikati ya ukuta, na ukumbi wote ukakitazama.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inauliza kama una hakika unataka kumwondoa Feza."

Mwalimu Byamungu akamtazama yule mama wa kitenge cha buluu, aliyekuwa ameshafika mbele na kusimama karibu naye, karibu kiasi cha kuonekana.

"Iambie ndiyo," akasema, na akabofya mwenyewe.